KABLA YA KUHAMIA MARSABIT, JIFUNZE KWANZA MVUA NA UKUNGU WAKE

Mtu akisikia habari za Kaskazini ya Kenya, moyoni mwake huona mchanga, ngamia, miiba na jua kali. Basi karani akipata barua ya kuhamishiwa Marsabit hufungasha mashati mepesi na kofia pana, na mablanketi mazito humwachia ndugu yake. Siku ya pili baada ya kufika, saa moja ya asubuhi, amesimama mlangoni katika ukungu mzito asiweze kuuona mti ulio hatua ishirini mbele yake, na watoto nyuma yake wanakohoa.

Mkulima naye hukosea kwa upande mwingine. Amesikia ya kwamba mlima ule una msitu usiokauka mwaka mzima. Amekwenda kuutazama mwezi wa Mei, akaona udongo mzuri na majani mabichi, akadhani amepata Meru ya pili, yenye ardhi tele na watu wachache. Hurudi kwao, huuza ng'ombe wawili, hukodi shamba, hupanda mbegu aliyoizoea tangu utoto wake. Mvua hukatika mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Kosa la karani huponywa kwa kununua sweta. Kosa la mkulima laweza kummaliza akiba ya miaka kumi.

Wote wawili wamedanganywa na jina la mahali. "Kaskazini" si hali moja ya hewa, wala "mlima" si hali moja ya hewa. Marsabit ni mlima wenye unyevu uliosimama peke yake katikati ya nchi kavu, na mambo yake hayafanani sana na ya milima ya kusini wala na ya jangwa lililouzunguka.

MLIMA KATIKATI YA JANGWA

Mlima huu ulitokana na moto wa ardhini zamani sana, na mashimo makubwa ya volkano, ambayo wenyeji huyaita gof, yangaliko hata leo. Moja lao lina ziwa ambalo wageni waliliita Lake Paradise, na ambalo hukauka kabisa ukame ukizidi. Kilele chake ni kama mita 1,700 juu ya bahari, na mji wenyewe u kwenye mita 1,300 hivi. Lakini kusini yake ni Kaisut, na kaskazini-magharibi ni jangwa la Chalbi, ambalo li chini karibu mita 400 tu. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa kadiri ya digrii 6. Ndiyo sababu mtu huweza kutoka North Horr akitokwa na jasho, akafika mjini Marsabit jioni akitafuta koti. Mjini, usiku joto hushuka mara nyingi mpaka digrii 15 au 16, na mchana halizidi sana 25 au 26. Si baridi ya Limuru, walakini upepo huifanya iumize kuliko inavyosomwa katika kipimajoto.

Upepo ndio ufunguo wa mambo yote ya mlima huu. Hutoka kusini-mashariki sehemu kubwa ya mwaka, ukiwa umechukua unyevu wa Bahari ya Hindi. Hupita juu ya nchi tambarare kwa mamia ya kilomita bila kuuacha unyevu ule, kwa kuwa hakuna kitu cha kuupandisha. Ufikapo Marsabit hukuta ukuta. Hapo hapana budi kupanda; ukipanda hupoa; ukipoa, unyevu wake hugeuka kuwa wingu, ukungu na mvua. Baada ya kuvuka mlima hushuka upande wa pili ukiwa mkavu tena. Kwa hiyo mji hupata mvua ya milimita 700 hadi 800 kwa mwaka wa wastani, ambayo ni kama inchi 30, hali North Horr, upande wa pili wa Chalbi, haifiki milimita 200.

Kutokana na hayo, mtu anayetaka shamba asiulize tu, "Je, ni Marsabit?" Aulize ni upande upi wa mlima, na ni urefu gani. Songa na Badasa, upande wa kusini-mashariki, zimeuelekea upepo unaoleta mvua. Mtu akishuka kwa barabara ya Isiolo, kutoka mjini kupita Karare mpaka Logologo, ni safari ya chini ya saa moja kwa gari, lakini kwa mkulima ni safari ya kutoka nchi moja kwenda nchi nyingine: juu kuna mahindi na maharagwe, chini ni malisho ya mbuzi na ngamia tu. Mwenye kuuza au kukodisha kipande kilicho katikati ya hizo mbili atasema kwamba ni ardhi ya mlimani. Labda hasemi uongo, lakini mvua haimsikilizi.

UKUNGU SI MVUA

Jambo linalowadanganya wageni wengi zaidi ni ukungu. Hushuka juu ya mlima yapata usiku wa manane, hukaa mpaka saa nne au saa sita za mchana, kisha huinuka. Msitu wa Marsabit huishi kwa ukungu huo. Miti mirefu, yenye matawi mengi na ndevu za kijivujivu zinazoning'inia, huunasa ukungu kama wavu unavyonasa samaki, na matone huanguka chini yake usiku kucha hata pasipokuwa na mvua. Hivyo msitu hupata maji ambayo kipimo cha mvua kilichowekwa uwanjani hakiyaonyeshi.

Mahindi hayawezi kufanya vivyo hivyo. Ni mafupi, majani yake ni machache, na yamesimama katika ardhi iliyofyekwa. Mtu atazamaye msitu mbichi akahesabu kwamba shamba lililo karibu nalo litakuwa bichi vilevile, amesahau ya kuwa msitu hunywa kutoka angani na shamba halina ila mvua. Tena ndiyo sababu kukata miti ya mlima huu ni hasara ya namna mbili, kwa maana mti ukiondoka, na maji yake yameondoka. Wako watu waliojaribu kutundika nyavu maalum mlimani ili kuunasa ukungu kwa matumizi ya nyumba na shule, na maji hupatikana kweli. Lakini ni maji ya kunywa na kupikia, wala si ya kunyweshea ekari mbili.

Wenyeji wamekwisha kuligawa jambo hili katika majina. Waborana, ambao mlima huu wauita Saku, husema ganna kwa mvua kubwa za Machi hadi Mei, na hagaya kwa mvua fupi za Oktoba na Novemba, ambazo mara nyingine hufika Desemba. Kipindi cha baina yake, Juni hadi Septemba, ni adolessa: baridi, mawingu, upepo, ukungu wa kila asubuhi, na mvua ya kuhesabika kwa vidole. Kisha Januari na Februari ni bona, kiangazi cha jua kali. Mgeni huielewa bona mara moja, kwa kuwa inaonekana kama kiangazi. Adolessa ndiyo mtego. Huamka mwezi wa Julai akaona mbingu nyeusi na nyasi zenye umande, akaita vibarua, akapanda. Mbegu huota kwa unyevu wa juu juu wa udongo, kisha husimama, hugeuka rangi na kufa kabla ya Oktoba. Mzee wa Kiborana au wa Kiburji aliye jirani yake hatamkataza, maana si adabu kumfundisha mtu kazi yake asipouliza. Basi na aulize.

Mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote ni Aprili, na baada yake Novemba. Mvua ya kutegemewa ya kila msimu hukaa miezi miwili, ikizidi sana mitatu. Mbegu za Kitale, zinazokaa shambani miezi sita au zaidi, hazina nafasi hapo. Mbegu za namna ya Katumani, zilizotengenezwa Machakos kwa ajili ya nchi yenye mvua chache, hukomaa kwa miezi mitatu hivi, ijapokuwa baridi ya mlimani huzichelewesha kidogo. Maharagwe hufaa zaidi kuliko mahindi, na tefu, nafaka ndogo ya Kihabeshi, imelimwa huko muda mrefu.

WASTANI HAULIWI

Yafaa kusema neno juu ya hesabu. Milimita 700 au 800 zilizotajwa ni wastani wa miaka mingi, na makarani, kwa kuwa wamezoea tarakimu, huziamini kupita kiasi. Mwaka mmoja ukipata milimita 300 na wa pili 1,100, wastani wao ni 700. Lakini hapakuwa na mwaka hata mmoja ulioleta 700. Katika ule wa kwanza mkulima hakuvuna, na katika ule wa pili udongo wake ulichukuliwa na maji. Marsabit ndivyo ilivyo. Jambo la kumuuliza mwenyeji si "mvua ni kiasi gani?" bali "katika miaka kumi iliyopita, ulivuna mingapi?"

Mambo ya karibuni yanaonyesha maana yake. Mvua za Oktoba hadi Desemba 2020 zilikuwa haba katika sehemu kubwa ya Kaskazini. Za Machi hadi Mei 2021 zilikuwa haba pia, na za mwisho wa 2021, na za masika ya 2022, na za mwisho wa 2022. Misimu mitano mfululizo, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa muda wa miaka arobaini. Mifugo ikafa kwa maelfu mengi, na watu waliokuwa na ngamia hamsini wakawa wanapokea unga wa msaada. Kisha mvua zikarudi mwaka 2023, na kufikia Novemba wa mwaka huohuo bahari ilikuwa na joto la kupita kiasi, mvua zikawa mafuriko, na barabara za Kaskazini zikakatika. Mambo ya namna hiyo yalitokea pia 1961 na 1997. Katika nchi hii njaa na gharika hukaa nyumba moja.

Kuna jambo ambalo mtu wa kusini hulishangaa kabisa: mvua ya kwanza baada ya ukame mrefu huweza kuua. Mbuzi na kondoo waliokonda, wasio na mafuta mwilini, wakinyeshewa usiku kucha katika upepo wa baridi, huonekana asubuhi wamelala wamekauka. Mwenye mifugo anayehamia mlimani ajenge zizi lenye paa na ukuta upande wa upepo kabla ya mvua, asingoje kuiona. Na ngamia wasipandishwe mlimani wakae; Warendille na Wagabra huwaweka chini si kwa ukaidi wa mila bali kwa sababu kupe, matope na baridi ya huko juu havimfai mnyama yule. Ng'ombe ndio wa mlimani.

MAJI YA NYUMBANI

Hakuna mto wa kudumu Marsabit. Mwamba wa volkano una matundu, na mvua ikishanyesha huzama upesi. Chemchemi ziko, kama zile za Bakuli msituni zinazoupatia mji maji, na visima vya zamani viko, lakini watu wameongezeka sana kuliko chemchemi. Mtu aliyezoea kufungua mfereji atajikuta akinunua maji kwa madumu katika kiangazi, na bei hupanda kwa kadiri jua linavyozidi. Kwa hiyo paa la nyumba ni shamba la pili, na hesabu yake ni rahisi.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita za mraba 50, katika mwaka wa milimita 700, hupokea lita 35,000. Tutoe kama sehemu moja katika tano kwa yanayomwagika na kupotea, yabaki lita 28,000. Sasa, jamaa ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, humaliza lita 120. Tangi la lita 10,000, likiwa limejaa mwisho wa Mei, litakwisha kwa siku 83, yaani kabla Agosti haijakwisha, na mvua hazitazamiwi mpaka Oktoba. Matangi mawili yatavuka. Mwaka wa milimita 300 hayatavuka, hata yawe manne, kwa kuwa hapatakuwa na cha kuyajaza. Afadhali mtu anunue tangi la pili kabla ya kununua viti vya sebuleni, ijapokuwa mke wa karani pengine atakuwa na shauri jingine.

Upepo nao ugharamiwe katika ujenzi. Nguvu yake si hadithi: magharibi ya mlima, katika bonde lililo baina ya milima ya Kulal na Nyiru, zimesimamishwa mashine 365 za kuvuta umeme kwa upepo, na tangu 2018 umeme wake huingia katika nyaya za nchi nzima. Zilijengwa pale kwa sababu upepo, ukibanwa baina ya nyanda za juu za Kenya na zile za Ethiopia, huenda kwa kasi karibu mwaka mzima. Mlimani hauna ukali kama wa Loiyangalani, hata hivyo bati lililopigwa misumari michache halitakaa, na ua la miti upande wa kusini-mashariki hufaa nyumba na shamba pia. Mlango usielekee huko.

WALIOTANGULIA

Kuhamia mlima huu si jambo jipya. Waburji walitoka Ethiopia ya kusini mwanzoni mwa karne ya 20, nao walikuwa wakulima kwao, katika nchi ya milima. Wakafanikiwa, kwa sababu walikuja na mbegu na maarifa ya mahali palipofanana na hapo. Baada ya ukame wa mwanzo wa miaka ya 1970, Warendille waliopoteza mifugo walisaidiwa na makanisa kuanzisha mashamba, mathalani Songa, ambako maji ya chemchemi za msitu huongozwa mpaka kwenye mboga, na mboga huuzwa mjini. Walioshika jembe kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima wakawa wauzaji wa sukuma wiki na nyanya.

Walakini si faida tupu. Wataalamu Elliot Fratkin, Eric Roth na Martha Nathan walichunguza miaka mingi afya ya watoto wa Kirendille, wa wale waliohamahama na wale waliokaa vijijini, wakaandika mwaka 2004 kwamba watoto wa wafugaji wa kuhama walikuwa na miili mizuri zaidi, kwa kuwa walikunywa maziwa mengi kuliko wale wa vijijini, hata katika ukame. Jamaa inayohamia mlimani kulima isiache ng'ombe wa maziwa nyuma kwa kudhani kwamba unga utatosha. Na kikohozi cha watoto asubuhi za adolessa kisidharauliwe, hasa katika nyumba ndogo isiyo na dirisha ambamo moto huwashwa usiku kucha kwa ajili ya baridi.

Ndovu pia huijua kalenda. Mahindi yakianza kukaza, hutoka msituni usiku, na mwenye shamba lililopakana na msitu hulala nje akipiga madebe. Mtu akionyeshwa shamba zuri lenye kodi ndogo kando kabisa ya miti, hiyo pengine ndiyo sababu ya kodi kuwa ndogo.

Kabla ya kutoa fedha, basi, yampasa mtu aende mara mbili: mara moja katika masika, na mara moja mwezi wa Septemba, wakati visima vikiwa chini na majirani hawana haja ya kusifu chochote. Tangu barabara ya lami ya kutoka Isiolo mpaka Moyale ilipokamilika katika miaka ya 2010, safari si ya siku mbili juu ya lori tena, na nauli ya basi ni ndogo kuliko bei ya gunia la mbegu. Akiwa huko afike katika ofisi ya Idara ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa utabiri kabla ya kila msimu, mmoja wa Machi hadi Mei na mmoja wa Oktoba hadi Desemba, na vilevile aulizie taarifa za kila mwezi za Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, iliyoundwa mwaka 2011. Humo imeandikwa hali ya mvua, malisho, bei ya mbuzi na umbali wa kwenda kuteka maji. Utabiri wa msimu si ahadi. Husema tu upande upi una uzito zaidi, wa mvua nyingi au wa mvua chache, naye mkulima hupima kama atapanda ekari tatu au moja. Na juu ya ardhi yenyewe aulize ni ya nani, kwa maana sehemu kubwa ya Kaskazini ni ardhi ya jamii, na sheria yake ni ya 2016. Karatasi iliyoandikwa na mtu mmoja dukani haitoshi.

Mwisho, anunue kipimo cha mvua, au atengeneze kwa mkebe ulionyooka kuta zake na rula ya shule, akiweke mahali pa wazi mbali na miti inayodondosha ukungu, na kukisoma kila siku saa tatu asubuhi. Kitabu cha mazoezi kimoja chatosha miaka kadhaa. Kwa msimu wa kwanza apande robo ya ekari tu, maharagwe na mahindi ya siku chache, na fedha nyingine zikae posta au benki mpaka Novemba ipite.